Jiko Lilipoteremka Chini: Kisa cha Bi Zena wa Mkomani

Nyumba nyingi za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, hupikiwa juu, paani, kwenye kidari cha meko. Wazee walijua walichokifanya: moshi unapaa, joto halishuki vyumbani, na mpishi anapata upepo wa bahari. Bi Zena alipika huko tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Ngazi ina vidato 31, vyembamba, vimesimama wima kama vya mnara. Alichokisahau chini alikifuata. Aliyebisha hodi alimteremkia. Mwaka 2019 magoti yalipomzidi, wanawe wakamnunulia mtungi wa gesi na meko yake, wakamuwekea jiko chini karibu na daka, ukumbi wa mlangoni, mama apumzike. Lilikuwa tendo la mapenzi, majirani wote wakalisifu. Katika kisa hiki chote cha unene wake, hilo ndilo tendo ninalolirudia kichwani mara nyingi kuliko yote.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa hapahapa Lamu. Jina Zena nimempa mimi, na mambo machache ya kumtambulisha nimeyabadilisha, ingawa kwenye mji kama wetu hilo halifichi mengi. Alisomewa maandishi haya na bintiye kabla hayajatoka. Aliniondolea mambo mawili, akataka niongeze moja. Hilo la kuongeza nitalitaja likifika mahali pake.

Tulikutana kikazi Juni 2024. Nasema kikazi kwa sababu mahamri yake nimeyala tangu niko shule ya msingi. Aliyemleta kwangu ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani, mmoja wa wale kama 100,000 ambao serikali iliwapa mikoba Septemba 2023, yenye mashine ya presha, ya sukari na mizani. Alipita kwa Bi Zena kununua mbaazi, akamuona anakunywa maji jagi zima, akamuomba kidole. Mashine ya sukari ikasoma 14.2. Hakuamini, akatoboa kidole kingine: 13.9.

Nilipompima mimi, asubuhi hajala kitu, nikaandika hivi. Umri miaka 49. Urefu sentimita 156. Uzito kilo 104. Kiuno sentimita 118, shingo 42. Presha 164 kwa 98. Sukari ya kufunga milimoli 9.4 kwa lita, na ile ya wastani wa miezi mitatu asilimia 7.9. Ukigawa uzito kwa urefu uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe unapata 42.7. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa amezidi uzito, 30 ni unene wa kupindukia, 40 ni daraja la juu kabisa la unene huo. Kisukari hutambuliwa sukari ya kufunga ikifika 7.0 au ile ya miezi mitatu ikifika 6.5. Kiuno nacho kina kanuni nyepesi ambayo fundi cherehani yeyote anaielewa: kisizidi nusu ya urefu wako. Chake kilitakiwa kiishie 78.

Kwa hiyo alikuwa na unene wa daraja la tatu, kisukari na presha ya juu, vyote katika asubuhi moja. Na alikuja kulalamikia magoti.

Mkoba wa ukili

Nilimuomba aniletee makaratasi yake yote ya hospitali. Alikuja na mkoba wa ukili umejaa. Nikayapanga mezani kwa miaka, na nilipomaliza nilinyamaza muda.

Magoti: tangu 2018 amekuwa akichomwa sindano za diklofenaki na kumeza vidonge vyake, mara kwa cheti, mara kwa kujinunulia dukani. Presha: iligunduliwa 2021, akapewa kidonge, akawa anakimeza akihisi kichwa kinamuuma. Miwasho ya sehemu za siri: krimu ya ukungu, yaani fangasi, mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini ukungu unarudi. Ukungu hustawi penye sukari. La nne halikuwa na karatasi, nilisimuliwa na bintiye: mama anakoroma kama jahazi linaloburutwa mchangani, halafu kimya, kimya kinachomfanya binti ainuke kitandani, halafu anashtuka akihema kama aliyetolewa majini. Nyumbani walisema anakabwa na jinamizi. Mwalimu akamwandikia kombe, likanywewa.

Kombe halikumdhuru, na mimi si wa kubeza lililomtuliza mtu roho. Ila kile kimya ni njia ya hewa inayojifunga. Mafuta yanapojaa shingoni na kwenye shina la ulimi, misuli ikilegea kwa usingizi koo hubanwa, hewa hukatika, oksijeni hushuka, na mwili hujiamsha kwa kishindo ili usife. Jambo hili likijirudia mara nyingi kwa saa, moyo unalala vitani. Asubuhi kichwa kinauma, mchana mtu anasinzia barazani watu wanamcheka, na presha huwa ngumu kushuka hata kwa dawa. Shingo ya mwanamke ikivuka sentimita 40 au 41, tunauliza habari za kukoroma hata kama hakuzitaja. Hiyo ni tepu ya kupimia nguo tu, wala si mashine.

Na ile diklofenaki. Dawa za maumivu za jamii hiyo huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na huchosha figo. Kidonge cha goti kilikuwa kinasukuma presha juu, kidonge cha presha kinaisukuma chini, na wote wawili walioandika walikuwa watu makini wanaofanya kazi ya foleni ndefu. Kila mmoja alitibu kiungo alicholetewa. Mara moja tu, 2018, mtu aliandika pembeni mwa karatasi "kilo 91", bila urefu na bila neno jingine.

Kadi nne za kliniki

Chini kabisa ya mkoba mlikuwa na kadi zake za ujauzito. Kina mama wa Lamu hawatupi karatasi, na siku ile nilishukuru kwa hilo. Uzito wa hudhurio la kwanza katika kila mimba ulikuwa huu: 1996, kilo 57. 1999, kilo 64. 2003, kilo 72. 2009, kilo 81. Tuseme mimba changa yenyewe ina kilo mojambili ndani yake. Hata hivyo mstari unaonekana. Kwa hesabu ile ya uzito na urefu, mimba ya pili alikuwa ameshavuka 25. Mimba ya nne alikuwa 33. Kadi zote zina sahihi za wauguzi, wenzangu na waalimu wangu, na hakuna yenye neno moja juu ya uzito. Siwalaumu sana. Miaka ile tulifundishwa kumtafuta mama aliyekonda. Mama mnene alikuwa habari njema, akapita.

Yeye si peke yake kwenye mstari huo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na uliofuata, wa 2022, ukakuta idadi imepanda. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya 8 ulimwenguni aliishi na unene huo.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo iliyombadilisha Bi Zena mwenyewe. Kutoka kilo 81 za 2009 hadi 104 za 2024 ni kilo 23 kwa miaka 15, yaani kilo moja na nusu hivi kwa mwaka. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Gawa kwa siku: ni kalori 32 zinazobaki kila siku bila kutumika. Vijiko viwili vidogo vya sukari. Hesabu hii ina ujinga wake, kwa kuwa mwili ukiwa mzito huhitaji zaidi kuuendesha, hivyo alichokuwa akiongeza sahanini mwaka hadi mwaka kilizidi hicho. Lakini inaondoa lile neno "ulafi" mezani. Hakuna mlafi wa vijiko viwili.

Tena angalia mwendo wake. 2009 hadi 2018, kilo 10 kwa miaka 9. 2018 hadi 2024, kilo 13 kwa miaka 6. Kasi imekaribia kuwa maradufu, na katikati yake kuna jiko lililoteremshwa. Bintiye alikadiria kuwa mama alikuwa akipanda mara 12 kwa siku. Mara vidato 31 ni 372. Kwa mwili wa kilo 90, kupanda na kushuka huko ni kama kalori 80. Lilipokuja jiko la chini, hizo 80 zikaondoka siku moja, na hakuna aliyepunguza kijiko.

Goti likiuma mtu hukaa. Akikaa hunenepa, na akinenepa goti huuma zaidi. Ukilituliza goti kwa sindano tu, unampa nguvu za kuendelea kuzunguka humohumo.

Uzito ulipitia wapi

"Zakula nilazo si zingi, mwanangu," aliniambia. "Uliza mtu yeyote." Niliuliza, na ni kweli: sahani yake ya mchana ni ndogo kuliko ya kijana wake. Watu wengi hukadiria chini wanachokula, wembamba kwa wanene, na si uongo. Tunakumbuka milo, hatukumbuki kuonja.

Siku moja nilikwenda saa tisa usiku kumtazama akifanya kazi. Unga kilo mbili, sukari gramu 200, tui, iliki, hamira. Nilimuomba ruhusa nipime mafuta kabla na baada: zilipotea mililita 250 kwa mahamri 60. Nikajumlisha vyote, hamri moja likatoka na kalori kama 180. La kwanza huonjwa kujua kama limeiva ndani. La pili huonjwa kujua kama sukari imekolea, ingawa ni kinyunya kilekile na hili tulicheka wote. Mawili na mbaazi wateja wakishapungua. Hapo ni 720, na hajakaa kula. Siku ya mauzo mabaya huongezeka yaliyobaki, maana kutupa chakula kwake ni dhambi, na kumpa jirani kila siku ni kama kutangaza kuwa hayakununuliwa.

Chai ni vikombe sita kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Vijiko 18 ni gramu 72 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Soda hakuwa nayo sana. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko kama vinane, na alikuwa akiinywa harusini tu. Lakini harusi za Lamu, msimu ukiwa mzuri, ni nyingi.

Halafu usingizi. Analala saa tano usiku, anaamka saa tisa. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo kuwa ghala limejaa. Mwaka 1999 ikagunduliwa grelini, ya tumboni, inayosema kinyume chake. Asiyelala vya kutosha, ya kwanza huweza kushuka na ya pili kupanda. Ndiyo maana saa nne asubuhi, amechoka, mkono wake unakwenda kwenye hamri na si kwenye embe. Bi Zena alilieleza vizuri kuniliko: "Nikikosa usingizi, ndaa yangu haina adabu."

Baada ya mimba ya nne alitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka minne. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito kwayo. Pengine ilichangia, siwezi kuipa kilo ngapi. Mama yake na dada zake wawili ni wanene pia, na urithi una sehemu kubwa. Wataalamu huukadiria kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za uzito baina ya watu. Wapo waliokula mahamri yaleyale ya dakani miaka 30 wakabaki kama mlingoti. Miili haikuumbwa sawa, na aliye mwembamba bila jitihada asijisifu.

Mumewe, nahodha, alifariki 2017. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Sitaki asomaye aelewe kuwa eda ilimnenepesha. Eda ina hekima yake na ina mwisho wake. Kilichotokea ni kwamba mwisho wake haukufika. Huzuni ilimuweka ndani, wanawe wakawa wanamletea kila kitu, na watu waliokuja kumpa pole walikuja na sinia. Kula pamoja na anayelia ni utu. Alipotaka kutoka tena, magoti yalikuwa yameshaanza kukataa.

Na nje kwenyewe kumebadilika. Mji huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001 kwa vichochoro na kuta zake, ulitulazimisha kutembea. Gari haipiti Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mzigo ulipanda punda, watu walikwenda kwa miguu. Siku hizi pikipiki zipo kisiwani na kijana wa miaka 20 haoni sababu ya kwenda kijiji cha Shela kwa miguu, mwendo wa kilomita tatu kando ya bahari.

La mwisho ni sifa. Mwanamke akinenepa kwetu "amenawiri", "kaolewa akaoleka". Na miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa unamaliza watu bila dawa, kukonda kulikuwa hukumu. Kizazi cha Bi Zena kilijifunza kuuogopa wembamba kwa macho yao. Huwezi kulifuta hilo kwa karatasi yenye picha za matunda.

Ndani ya tumbo

Nilieleze hili upesi. Mafuta ya chini ya ngozi, ya mapajani na nyonga, si mabaya sana. Yanayotisha ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Hayo hayakai kimya kama gunia stoo. Yanafanya kazi kama tezi, yanamwaga mafuta na kemikali za uvimbe kwenye damu. Ini likijaa mafuta linakuwa kiziwi kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, misuli nayo hivyohivyo, kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi hadi linachoka. Hapo ndipo kiu ya jagi zima ilipotoka. Mishipa ikikaza na figo zikishika chumvi, presha inapanda. Kiharusi, moyo, figo, macho na ganzi ya miguu ni wajukuu wa ndoa hiyo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitaja saratani 13 zinazohusiana na unene, ikiwemo ya matiti baada ya kukoma hedhi na ya ukuta wa kizazi. Nilimuuliza Bi Zena juu ya damu isiyo na mpangilio. Hakuwa nayo. Mama mnene anayetokwa na damu baada ya hedhi kukoma asingoje hata wiki.

Nilichoharibu kwanza

Siku ile ya Juni nilimpima kwenye ukumbi, mbele ya foleni. Mizani ilikuwa hapo, na mimi nilikuwa na haraka. Mwenzangu aliyekuwa anaandika akauliza "ngapi?" na mimi nikajibu kwa sauti. Foleni nzima ikasikia. Kisha nikamwambia apunguze kula, nikampa karatasi iliyotolewa fotokopi mara nyingi, yenye orodha ya vyakula. Ilikuwa na shayiri na brokoli. Sokoni Lamu, brokoli!

Hakurudi wiki tisa. Nilipokwenda nyumbani kwake kuomba radhi, alinikaribisha kwa chai ya vijiko vitatu, nikainywa yote. Hapo ndipo kazi ilipoanza, Agosti 2024.

Tulianza na dawa. Diklofenaki ikakoma, akapewa dawa nyepesi ya maumivu na mafuta ya kuchua. Daktari akamuanzishia metformini, dawa ya kisukari, na kidonge cha presha cha kila siku, kichwa kiume kisiume. Kwa usingizi alianza kulala ubavu, mto mgongoni usimruhusu kugeuka chali.

Chakula hatukukibadilisha, tulikipunguza makali. Kijiko cha tatu cha sukari kilitoka wiki mbili za kwanza, cha pili wiki nne baadaye. Cha mwisho alikataa kukiacha na sikubishana. Wali wa nazi ukapikwa kwa tui la pili, tui la kwanza likabaki kwa wageni na Ijumaa. Samaki wa kupaka badala ya wa kukaanga. Mchicha na mabamia yakaingia kwanza sahanini. Akaanza kula kwenye sahani yake, si siniani, na hili lilimuuma kuliko sukari. Wiki ya kwanza alisema anajiona kama mgeni nyumbani mwake. Wakapatana: anakaa siniani na wenzake, sahani yake iko mapajani. Kuonja mahamri akaachiwa bintiye, na kinyunya kikakandwa usiku kabla ya kulala, kisha kikawekwa mahali pa baridi, ili aamke saa kumi na moja kasorobo badala ya saa tisa. Saa hiyo moja na robo tatu ya usingizi naiweka juu ya dawa zote.

Miguu ilikuwa kazi. Siku ya kwanza alitoka mlangoni kuelekea Mkunguni, mbele ya Ngome, akakaa barazani mara tatu kabla hajafika. Tukaamua kwanza baharini. Alikuwa akienda na wajukuu jioni, na buibui lake la zamani, anatembea majini hadi kiunoni. Kina hicho huubeba karibu nusu ya uzito wa mtu, na goti linafanya kazi bila kulia. Baada ya miezi miwili akaweza kwenda Mkunguni na kurudi bila kukaa, akawa anatoka baada ya alasiri.

Lengo nililompa lilikuwa asilimia 7 ya uzito wake, kama kilo saba. Sikulitoa hewani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa kupunguza asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki kulikata kwa asilimia 58 hatari ya kisukari kwa walio ukingoni mwake, kuliko metformini iliyokata 31. Yeye alikuwa ameshavuka ukingo, ila mlango wa kurudi haujafungwa. Uingereza walionyesha kuwa karibu nusu ya waliopunguza uzito kwa mpango mkali walirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa ndani ya mwaka.

Mwanawe mkubwa, aliyeko Oman, akapiga simu kuuliza sindano za kukonda. Zipo, na zinafanya kazi. Mojawapo, semaglutidi, iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya uzito 2021. Nilimweleza bei, na kwamba wengi uzito huwarudia wakiziacha. Akasema atamnunulia mama viatu vizuri vya kutembelea. Alinunua kweli.

Ramadhani ya 2025 ilimrudisha kilo tatu. Kabla ya mwezi kuandama tulipanga vidonge viende futari na daku, na akajua kwamba sukari ikishuka anafungulia, hakuna ubishi. Hilo tulilipatia. Kaimati, viazi vya nazi, mkate wa sinia na sambusa, kila usiku nyumba tofauti, hilo tulilikosa. Baada ya futari analala, daku anaamka kula tena.

Lakini kilichokaribia kumaliza kila kitu si futari. Hapa ndipo anapotaka niongeze. Kwenye harusi moja mwezi wa Shawwal, shoga yake wa utotoni alimshika mkono akamtazama juu hadi chini. "Zena, umekuwaye?" Sauti ilikuwa ya msiba. Kufika usiku, habari zikawa anaumwa kansa. Kufika kesho yake, zikawa ni ule ugonjwa. Watu walikuja kumtazama. Bi Zena alikaa ndani siku 11, akala. Anasema alipokuwa kilo 104, mwenye kumtania alimtania usoni. Alipoanza kupungua wakamzika akiwa hai. Alitoka baada ya bintiye kuuliza swali moja: wanaokuzika, nani kati yao atakuja kukusukuma kwenye kiti cha magurudumu?

Agosti 2025 nilimpima tena, chumbani, mlango umefungwa. Kilo 95.5. Kiuno 109. Presha 136 kwa 84. Sukari ya miezi mitatu 6.6. Amepunguza kilo nane na nusu, asilimia 8. Kwa chati bado ana unene wa kupindukia, 39.2, na pengine ataishi nao. Usiku bado anakoroma, ila vile vimya bintiye anasema vimekuwa vichache. Kwa goti hesabu ni tamu: kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Nane na nusu mara nne ni 34, karibu madumu mawili ya maji aliyokuwa akiyabeba kila anapoinua mguu.

Jiko bado liko chini. Nilipendekeza lirudi juu, nikaambiwa nipande mimi.

Binti yake, yule wa kadi ya 2003, ana mimba yake ya kwanza. Alikuja kliniki mwezi uliopita, nikampima mwenyewe: miaka 22, kilo 71. Mama yake katika mimba ya kwanza alikuwa 57. Niliandika uzito, nikaandika na urefu, na chini yake nikaandika maneno mawili ambayo hayakuandikwa kwenye zile kadi nne. Kipimo cha sukari cha mimba tumekipanga kati ya wiki ya 24 na ya 28. Bi Zena aliichukua kadi, akaitoa na ile yake ya 1996 mkobani, akaziweka mbili pamoja juu ya kitanda, akazitazama bila kusema. Kisha akamuuliza mwanawe kama alasiri ile ana kazi.